Daktari wa Meno wa Jumamosi

Mdogo wangu tunamwita Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kuzimwa. Yuko sekondari, darasa lile ambalo mtoto anatakiwa achague kati ya sayansi na lugha. Mwalimu wake alitaka jibu Jumatatu, na jibu lilikuwa limeshapatikana, ila si yeye aliyelitoa. Bibi na Baba walikuwa wameamua kwamba Redio atakuwa daktari wa meno.

Kosa lilikuwa la Redio mwenyewe.

Kila Jumamosi jioni Bibi hutazama tamthilia ya kigeni. Watu wa humo ni matajiri. Hawapiki, hawafui, kazi yao ni kushuka ngazi na kulia. Wanasema lugha yao, na maandishi ya Kiswahili hupita chini ya kioo mbio kama siafu. Macho ya Bibi hayawawezi siafu hao, basi Redio hukaa zuliani, karibu na magoti yake, akamsomea. Mwanzoni alikuwa mwaminifu. Halafu siku moja kijana wa masharubu ya kuchongwa akamshika binti wa jirani na kumbusu, busu refu, kamera ikiwazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Anamfanya nini?" Bibi akauliza.

Redio alimtazama Bibi, akamtazama Baba aliyekuwa nyuma ya gazeti, akasema, "Anamwangalia jino, Bibi. Yule ni daktari wa meno."

"Anhaa. Ndiyo maana binti amefumba macho. Linamuuma."

Tangu hapo kijana yule hakupumzika. Alitibu bustanini, alitibu garini, alitibu mvua ikinyesha. Bibi alimsifu kwamba hachagui mahali pa kazi. Redio naye akanogewa. Akampa daktari wake mgonjwa maalumu, mzee maskini mwenye jipu la ufizi la kukandwa kila wiki, ambaye haonekani kwenye kioo kwa sababu kliniki hairuhusu kamera. Na mama mkwe wa nyumba ile, ambaye kwenye maandishi alikuwa akimtilia mke wa mwanawe sumu kwenye chai, kwa mdomo wa Redio alikuwa akimtilia dawa ya presha.

"Mama mkwe mwenye huruma," Bibi alisema, akitupa jicho kwenye mlango wa jikoni alikokuwa Mama. "Tupo wengi, ila hatuonekani."

Baba ni fundi wa friji, na ana kipimo kimoja cha kazi: kitu kimeharibika, umekitengeneza, kimepona. Wanamuziki, wacheza filamu na watangazaji kwake ni watu waliokosa kazi wakaficha kwa kelele. Runinga imeharibu vijana, husema, na husema hivyo wakati wa taarifa ya habari ya mchana, ya jioni, na ya marudio. Tamthilia yeye haitazami. Saa yake ikifika hushika gazeti, na sijawahi kumwona akifungua ukurasa.

Kwa hiyo Bibi aliposema, "Mjukuu wangu asomee meno kama yule kijana, ona anavyopendwa," Baba alishusha gazeti kidogo. "Meno ni ufundi," akasema. "Limeoza, umeziba. Hiyo ni kazi." Shauri likapita.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumamosi ile mchana Redio alinifuata nikiwa namwogesha mwanangu kwenye beseni.

"Dada, mimi damu siiwezi."

"Mwambie Baba."

"Nimwambie yule si daktari? Bibi peke yake ndiye anayeweza kumgeuza Baba. Akijua nimemdanganya, nani atanisemea?"

"Sasa wewe unataka nini?"

Akachuchumaa, akamshikia mtoto kichwa. "Mwalimu katupa mada, eti vyombo vya habari vinaharibu utamaduni wetu. Darasa zima wameandika vinaharibu. Mimi nimeandika kwamba kwetu utamaduni unaharibika Jumamosi saa moja jioni, na anayeuharibu ni Bibi, kwa rimoti."

"Ukapata ngapi?"

"Kaandika 'adabu' kwa wino mwekundu. Lakini Dada, hebu fikiria. Wenzetu wanatuletea mama wakwe wao, ngazi zao, mpaka vilio vyao. Sisi tunawapelekea nini? Nataka kuandika tamthilia. Na wao wahangaike kumsomea bibi yao maandishi, Baba anapogombana na friji."

Mwanangu akapiga maji kwa miguu yote miwili. Mimi niliihesabu kuwa kura.

Jioni tukakaa kama kawaida. Kabla ya tamthilia akatokea mtangazaji mwenye tabasamu pana, akasema kwamba kuanzia leo wahusika wote watazungumza Kiswahili. Redio akawa kama aliyemwagiwa maji.

"Afadhali," Bibi akasema, akimpapasa kichwa. "Leo pumzika, mjukuu wangu. Umenisomea vya kutosha."

Masharubu akamshika binti mikono. Akafungua kinywa, ikatoka sauti kama ya mtu anayetangaza kukatika kwa maji: "Mpenzi wangu, sina kazi, sina elimu, ila nina moyo." Kisha akambusu.

Gazeti la Baba likashuka mpaka puani.

Akaja mama mkwe na kikombe chake. "Kunywa, binti yangu," sauti ikasema. "Leo ndio mwisho wako."

Jikoni, Mama akaanza kukohoa. Mama hana kikohozi.

"Hana kazi kivipi?" Baba akauliza. "Na yule mzee wa jipu?"

Tukamgeukia sote.

"Mzee gani, Baba?" nikamuuliza taratibu.

"Yule wa ufizi. Wiki iliyopita alikuwa amevimba mpaka jicho. Ndiyo kamwacha hivihivi?"

Bibi alimwinamia Redio. "Hawa waliotia sauti wamekosea. Si ndiyo? Sema, mjukuu wangu, wamekosea."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeitika tu, angebaki mjukuu mpenzi, na Jumatatu angeenda kuchagua sayansi. Nilimwona akiutazama mlango huo.

"Hawajakosea, Bibi. Hakuna daktari. Yule kazi yake ni kubusu watu. Na mzee wa jipu nilimtunga mimi."

"Na dawa ya presha?"

"Sumu, Bibi."

Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, labda waliomo kwenye kioo wangebadilika. "Mama mkwe hawezi," akakiambia kioo.

Baba alikunja gazeti mara mbili. "Nilikuwa nimeshamtafutia dawa," akasema. "Nilimuuliza mteja wangu mwenye duka la dawa, akasema asukutue maji ya chumvi. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia umwambie."

Hakuna aliyecheka. Mtu alikuwa amefiwa.

Kisha Baba akachukua rimoti. Alisikiliza kidogo, kichwa upande, kama anavyosikiliza friji inayonguruma bila kupoza, akapunguza sauti mpaka ikafa.

"Kitu hiki kimekuja kibovu," akasema. "Nje kinang'aa, ndani hamna gesi. Nani alikuwa anakitengeneza?"

Redio akainamia zulia.

"Nauliza fundi ni nani."

"Mimi, Baba."

Akalikunjua gazeti, akajifunika nalo. "Jumatatu kamwambie mwalimu lugha. Lakini biolojia usiitupe. Yule mzee ulimtibu vibaya. Jipu halikandwi kwa siku zote hizo."

Redio hakuweza kusema, na hilo kwetu ni jambo la kuhadithia. Mama akatoka jikoni na chai, macho bado yana machozi ya kikohozi kile. Bibi alikitazama kikombe muda mrefu kuliko kawaida yake kabla ya kunywa.

"Na mama mkwe wangu?" akauliza.

"Tutaona, Bibi."

"Hakuna kuona. Mtengeneze."

Redio akasogea kwenye magoti yake. Kwenye kioo kisicho na sauti, masharubu alikuwa ameshika kidevu cha binti mwingine kabisa.

"Daktari amerudi kutoka likizo," Redio akaanza.

"Amenawa mikono?" gazeti likauliza.

"Kwa maji ya chumvi, Baba."