Kupenga Chini ya Maji

Kwa miezi mingi sikupenga kamasi. Mtu ambaye hajawahi kuvunjika uso hawezi kuijua adhabu hiyo. Daktari aliyenifanyia upasuaji alinifunga vibati viwili vya chuma kwa skrubu kwenye mfupa wa shavu, chini ya jicho la kushoto, akaniambia kwamba ufa umefika mpaka kwenye uwazi ulio kando ya pua. Nikipenga, hewa itapenya chini ya ngozi na jicho litavimba kama puto. Hata chafya alitaka niipige mdomo wazi. Nyumbani ikawa vituko. Mama mkwe wangu akiisikia chafya yangu kutoka jikoni, huuliza nani kaangusha masufuria.

Siku alipoitazama picha ya mwisho, daktari alisema, "Mfupa umeshika vizuri. Penga, zamia, fanya utakavyo." Nikamshukuru, nikatoka, nikaendelea kufuta pua kwa leso taratibu kama mtoto wa chekechea. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa, ningekuwa mshonaji au karani, ningeweza kufuta pua hivyo mpaka uzeeni. Lakini mimi ni mzamiaji. Kazi yetu ni kushuka na mitungi ya hewa gatini, kukwangua matumbo ya boti na kunasua kamba zilizojisokota kwenye propela. Miwani yetu hufunika macho na pua pamoja, kusudi maji yakiingia uinue uso, uibonyeze kwa juu, upulize kwa pua, na maji yatokee chini. Asiyeweza kupuliza hana kazi majini. Ndiyo maana msimamizi wetu hamrudishi mgonjwa kazini mpaka ashuke, aivue miwani kabisa huko huko chini, aivae tena na kuikausha mbele ya mwenzake. Ukishindwa unabaki juu, unabeba mitungi ya wanaoshuka. Mimi kubeba mitungi ya watu nisingeweza. Ningegombana na kila mtu kabla ya saa ya chakula.

Mwenzangu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na yeye ndiye aliyenivunja uso. Si kwa kupenda. Mkanda unaoushika mtungi mgongoni hulegea ukiingia majini, kwa hiyo hulowanishwa kwanza ndipo hukazwa. Siku ile alikuwa na haraka, akaukaza mkavu. Tulipomaliza kazi alitangulia kupanda ngazi, mtungi ukachomoka. Mimi nilikuwa chini yake, mahali ambapo mzamiaji yeyote mwenye akili hakai, nimeinua kichwa namtania kwamba amenenepa. Kosa lake lilikuwa mkanda, langu lilikuwa mdomo.

Tangu hapo ikawa pole. Asubuhi pole, mezani pole, akinisogezea chumvi pole. Wenzetu wakambatiza Bwana Pole. Mama mkwe alijaribu kutufariji wote wawili: "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi."

"Mama," nikamwambia, "hilo koleo ni uso wangu!"

Asubuhi ya majaribio, Bwana Pole aliumwagia mkanda wake ndoo nzima ya maji, mpaka msimamizi akamuuliza kama anaosha gari.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini, "kupuliza umeshajaribu nyumbani?"

"Mara kibao."

Uongo mtupu. Sikuwa nimejaribu hata mara moja.

"Pole, nilikuwa nauliza tu."

"Ukisema pole tena nakusukuma kwa mguu."

Tulishuka kwa ngazi, kamba ya usalama ikiwa kiunoni mwangu na ncha yake mkononi mwa msimamizi. Masikio yaliyozibwa na mgandamizo wa maji niliyafungua kwa kumeza mate, nikapata nafuu kidogo. Tukapiga magoti mchangani. Shemeji akanipa ishara, nikaivua miwani.

Maji ya baridi yalinigusa shavu na shavu halikufanya lolote. Nikaivaa tena miwani, imejaa maji. Kilichobaki ni kupuliza.

Sikuweza. Nilivuta hewa kwa mdomo, nikaitoa kwa mdomo, nikavuta tena. Kila nilipotaka kuipeleka puani, niliziona zile skrubu zikilegea moja moja na jicho likitoka mahali pake. Niliogopa kweli kweli, na mimi si mtu wa kuogopa. Nikafikiri, kubeba mitungi nako ni kazi, watu wanalea watoto kwa kubeba mitungi.

Ndipo nikaona, kwa ukungu ukungu, mkono wa shemeji ukija kunishika kwapani, na kidole gumba chake kikionyesha juu. Twende, basi, imetosha. Alikuwa ananihurumia. Nikapandwa na hasira mpaka utosini. Nikaupiga ule mkono, nikainua uso, nikaibonyeza miwani, nikapuliza.

Kwanza kidogo. Maji yakashuka mpaka usawa wa macho. Hakuna kilichofunguka. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote, kama mtu aliyefungiwa mafua mwaka mzima, na maji yote yakatoka.

Nikaona. Niliona kutu kwenye vipago vya ngazi, niliona samaki wadogo wakinusa mapovu yangu. Nikaligusa shavu. Lilikuwa gumu, lilikuwa zima. Na mbele yangu shemeji alikuwa amepiga magoti vile vile, amefumba macho kwa nguvu, hathubutu kutazama.

Nikamgonga kichwani. Alipofumbua macho, niliyaacha maji yaingie kwa makusudi nikayapuliza, nikayaingiza tena, nikayapuliza tena. Furaha ilinijaa nikawa kama chizi. Shemeji akaanza kucheka, na mzamiaji akicheka mashavu huinuka na miwani huvuja, kwa hiyo naye ikambidi apulize. Tukabaki pale chini, watu wazima wawili tukipenga kwa zamu. Alipomaliza kuikausha yake, macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alinitazama usoni bila kugeuka.

Juu, msimamizi alikuwa ameona mapovu mengi yasiyoeleweka. Akaivuta kamba kuuliza kama tuko salama. Nikaivuta kumjibu, kwa nguvu, nusura nimtumbukize majini.