Namba Moja kwa Kompyuta Ishirini na Mbili

Pale chuoni waliniita Mama Muhuri, maana kwa miaka kumi na minane hakuna barua iliyotoka bila kupita mezani kwangu. Nilikuwa mhazili wa mkuu wa chuo. Zilipoletwa kompyuta ishirini na mbili za mtumba, tupu, hazina hata mfumo wa kuziendesha, mkuu aliniambia nitafute fundi mwaminifu. Nikamtafuta nyumbani kwetu: mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe.

Ilikuwa likizo. Alifanya kazi siku mbili, na zaidi yangu na mlinzi hakuna aliyemwona. Hela za kununulia leseni za mfumo nilichukua mimi kwa mhasibu, nikamkabidhi yeye. Alipomaliza nikamuuliza, "Leseni zote zipo? Mkuu anataka uthibitisho wa maandishi."

"Dada, mimi nikuangushe wewe? Kila mashine ina namba yake ya leseni. Andika tu."

Nikaandika, nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Sikuomba kuonyeshwa hata namba moja. Kwetu ukimdai ndugu ushahidi unaambiwa una roho mbaya.

Miezi minne baadaye, asubuhi ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa kompyuta aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Skrini zote zilikuwa nyeusi, na chini pembeni kila moja ilikuwa na maneno yaleyale: nakala hii si halali. Msichana mmoja alikuwa analia, akidhani ni yeye aliyeharibu.

Nikampigia mdogo wangu; mwalimu nilimwambia tu kwamba ni fundi ninayemfahamu. Alikuja akihema, akachomoa waya wa intaneti, akahangaika na mashine moja baada ya nyingine mpaka rangi zikarudi. Mtihani ukafanyika. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono miwili, akachukua namba yake ya simu. Mimi nilimvuta mdogo wangu kwenye korido.

"Niambie ukweli."

Akatazama viatu vyake. "Ni namba moja, dada. Nilipewa na rafiki, nikaiweka kwenye zote. Kila mtu anafanya hivyo."

"Na hela za leseni?"

"Nilikuwa namalizia paa la nyumba."

"Twende kwa mkuu sasa hivi, ukaseme kwa mdomo wako."

"Jumatatu, dada. Haki ya Mungu. Nipe nafasi nijipange."

Jumatatu ilipita bila yeye kuonekana, na simu yangu ikawa haipokelewi. Nami, kwa aibu, nikanyamaza.

Wiki ya tatu ikaja barua: wakala wa wenye mfumo angemtuma mkaguzi kuhakiki leseni zetu. Nilikwenda kumwambia mama. Alinisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua macho.

"Mwenzako ana watoto wachanga," akasema. "Wewe wako wamekua. Mkubwa ni jaa, mwanangu."

Mkaguzi alikuwa mpole, na huo upole ndio ulioniumiza. Alirudisha waya wa intaneti, akakaa kwenye kila kiti, akaandika. Mwisho akaniambia, "Mama, namba hii ni ya mashine moja tu. Na hiyo moja si yenu." Akauliza nani alithibitisha. Mkuu akafungua faili. Barua yangu ilikuwa juu kabisa.

"Fundi alikuwa nani?" mkuu akaniuliza.

Akilini nilimwona mama na ungo wake wa mchele. "Fundi wa kupita," nikasema. "Simjui aliko."

Mhasibu, aliyekuwa ameitwa pia, akakohoa. Nilijua wote wanawaza nini: kwamba hela nimezila mimi. Ijumaa nilikabidhi funguo. Watu niliowaandikia barua za kupandishwa cheo walikuwa wakiinamia simu zao nilipopita.

Mwezi haujaisha, tuko kwa mama tunakula cha mchana, mdogo wangu akaingia na shati jipya.

"Dada, yule mwalimu wenu kanipigia. Wamenunua leseni za halali. Wanamtaka fundi aliyeokoa mtihani aje kuziweka."

"Umemjibu nini?"

"Nimekubali. Sasa ningemjibu nini?"

"Ungewaambia ni nani aliyeziharibu."

"Yamepita hayo, dada. Ukifukua utapata nini?"

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshamvutia kiti, anampakulia. "Angalau mmoja wenu ana kazi," akasema.

Niliosha mikono, nikaondoka, na hakuna aliyeniita.

Siku hizi nachapa barua za watu kwenye kibanda cha fotokopi. Mwalimu alipita juzi kutoa nakala, akanisimulia jinsi yule fundi alivyofanya kazi safi, kila mashine na leseni yake, na kwamba sasa wamempa mkataba wa mwaka. "Mtu mwaminifu sana," akasema. Nikampa karatasi zake.

Kwa mama siendi tena. Nasikia anawaambia majirani kwamba tangu nifukuzwe kazi nimeota kiburi.