Soda ya Tausi

Mgomo wa soda ya Tausi ulianzishwa na Guleid, na sababu alikuwa nayo. Askari waliwachukua ng'ombe wa baba yake kule Ijara, kisa nyayo za shifta, wale waasi wa porini, zimeonekana karibu na boma, wakawapakia kwenye malori ya kampuni ya Tausi, yale yale yanayoleta soda Garissa. Kampuni ilipokea chake ikanyamaza. "Ukinywa Tausi umekunywa damu ya ng'ombe wetu," Guleid aliwaambia wanafunzi wenzake. Hapakuwa na mwenye Kiswahili kama chake shuleni, na haukupita muda chupa zikaanza kushika vumbi dukani kwa mzee Ogle.

Keynan, rafiki yake wa kufa kuzikana, ndiye pekee aliyekaidi.

"Ngombe imeenda, na soda nayo iende?" alisema, akainywa yake mchana kweupe. Guleid alimwita mlafi, lakini kumchukia hakuweza.

Jeshi nalo lina masikio. Siku chache baada ya Idi, askari waliweka kizuizi njia ya shule, na kreti ya Tausi kando yao. Aliyekunywa alipita, asiyekunywa ni shifta. Ujinga mtupu, ila mwenye bunduki hasahihishwi.

Guleid na Keynan walifika pamoja. Guleid akapewa chupa. Aliwakumbuka ng'ombe, akakumbuka maneno yake mwenyewe, kisha akautazama mtutu, akanywa. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

Keynan alirudisha chupa yake kwa adabu. Alikuwa katika funga ya sita, zile siku za sunna baada ya Ramadhani. Soda aliipenda, lakini Mungu alimwogopa zaidi.

"Bole, afande. Mimi nimefunga. Mbaka magharibi."

Askari alikuwa mgeni kutoka bara. Daraja la Tana lilikuwa magharibi mwa mji, na juzi tu lori la jeshi lilikuwa limelipuliwa na bomu la kutegwa.

"Umefunga nini huko magharibi?"

"Nimefunga tu. Nikifungua nitakunywa, wallahi, hata mbili."

"Ukifungua nini?"

Guleid alielewa papo hapo. Keynan alisema saumu, askari akasikia bomu. Keynan alisema swala, askari akasikia daraja. Neno moja lingemwokoa. Lakini mwenye Kiswahili fasaha angeulizwa jina, na jina la kiongozi wa mgomo lilijulikana kambini. Soda ilikuwa bado mdomoni. Akaimeza.

"Walaal, ndugu yangu, mwambie," Keynan alimwambia Guleid. Hata hapo hakumtaja jina.

Askari akageuka. "Unamjua huyu?"

"Tumekutana tu njiani."

Wakampeleka Keynan nyuma ya lori. Risasi ililia mara moja. Askari akarudi, akaichukua ile chupa iliyokataliwa, akamkabidhi Guleid.

"Na hii pia."

Guleid akanywa mpaka tone la mwisho, na askari wakampisha apite.