Breki Mpya, Mguu wa Zamani

Mke wangu alishuka kwenye gari langu Jumamosi moja, akafunga mlango taratibu kabisa, na kuanzia hapo akawa hapandi tena. Angeubamiza, ningejua la kufanya. Alivyoufunga taratibu vile, nikajua mambo yameharibika.

Nieleze gari lenyewe lilikuwaje, maana wapo wanaonisingizia kwamba naongeza chumvi. Ni gari dogo la milango minne, la kijivu, lenye umri mkubwa kuliko mkwe wangu. Springi zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba ukipita tuta la posta, linaendelea kunesa mpaka sokoni. Waliokaa nyuma walikuwa wanakubaliana na kila nisemalo, vichwa juu chini njia nzima. Sijawahi kusikilizwa vile tena maishani. Breki nazo zilikuwepo, ila zilitaka taarifa mapema. Ukitaka kusimama kwenye duka la mikate, unaanza kukanyaga ukiwa kwenye duka la viatu. Tena hukanyagi mara moja: unapampu, harakaharaka, kama unajaza baiskeli upepo. Askari wa njia panda alishanizoea. Akiniona tu nachomoza juu ya kilima, anasimamisha magari mengine yote na kunipigia saluti. Mimi nilidhani ni heshima.

Jumamosi ile askari hakuwepo. Tukaivuka njia panda, tukalipita geti la dada wa mke wangu, ambako ndiko tulikokuwa tunakwenda, tukaja kusimama ndani ya mahindi ya jirani yake. Gari likanesa pale kwa muda. Mke wangu akangoja limalize, ndipo akashuka.

Tangu hapo kila Jumamosi akawa anapelekwa kwa dada yake na jirani yetu tunayemwita Bwana Pasi, kwa sababu hupiga pasi hata suruali ya kumwagilia maua. Gari la Bwana Pasi ni jipya, limenyamaza kama maktaba. Mke wangu akirudi ananisimulia: Bwana Pasi kasema hivi, Bwana Pasi kachekesha vile. Nimeishi na Bwana Pasi ukuta kwa ukuta miaka yote hii na mzaha wake wa mwisho ulikuwa kuninyima ngazi. Mimi nikawa nabaki nyumbani na gari. Tunatazamana.

Nikamwambia mke wangu nitalitengeneza. Springi mpya, shokapu mpya, breki mpya za diski, kila kitu. Akasema nikishamaliza ataliangalia. Hakusema atapanda. Alisema ataliangalia.

Springi nilizifunga mwenyewe. Ufundi sikufundishwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Niliagiza springi ngumu, za gari kubwa la ukoo uleule, zikafika bila maelezo, nikatumia akili. Za mbele na za nyuma zinafanana sana kwa mtu asiyependa ugomvi. Nilipotoa jeki, gari likainua pua kama mtu aliyeitwa kutoka ghorofani. Ukikaa kwenye usukani barabara huioni, unaona mawingu na nyaya za umeme. Nikaliendesha hivyohivyo mpaka kwa fundi, nikifuata nyaya, na nikafika, isipokuwa kwanza nilifika kwenye transfoma.

Fundi akatoka, akalizunguka, akauliza kama tunasafiri au tunaruka. Kisha akalirudisha mwenyewe uani kwangu. Alisema kazi ataimalizia hapo, kwani gerejini ana wateja na hapendi walione.

Mtu yule ni hodari, sina neno. Akahamisha springi kila moja mahali pake, akafunga shokapu, akang'oa dramu za breki za mbele na kuweka diski, akabadilisha mipira ya breki yote. Ikabaki kutoa upepo. Kwa asiyejua: ndani ya mabomba ya breki haitakiwi hewa hata kidogo, yawe mafuta matupu. Fundi analala chini karibu na gurudumu, na mwenzake anakaa kwenye usukani akikanyaga kwa amri. Kanyaga, shika. Fundi analegeza nati ndogo, hewa inatoka, anakaza. Achia. Ni kazi ya mguu tu, kichwa hakihitajiki, ndiyo maana nikajitolea.

Sasa mguu wangu ulikuwa na historia. Fundi akisema kanyaga, unapampu. Akisema shika, unapampu. Akisema achia, umeshaachia kitambo na umeanza tena. Hewa badala ya kutoka ikawa inaingia, mafuta yakamrukia fundi usoni, na saa zikaenda. Mwishowe akatoka chini ya gari, akajifuta, akaongea nami kwa adabu zote.

"Mzee wangu, huo mguu unaweza kukaa pembeni kidogo?"

"Ukae pembeni, mimi nikae wapi?"

"Mkae wote. Mpumzike. Niitie mguu mwingine."

Nyumbani alikuwepo mke wangu peke yake, anaanika mashuka. Nikamweleza shida. Akaja na vibanio vya nguo bado vimebana kwenye kola, akalizunguka gari. Lilikuwa juu ya stendi, limevuliwa kila kitu.

"Halina magurudumu," akasema.

"Halina, mama," fundi akajibu.

"Basi nitakaa."

Akakaa. Akaambiwa kanyaga, akakanyaga. Akaambiwa shika, akashika. Fundi ananiambia mpaka leo kwamba hajaona mguu wa namna ile: alipomwambia shika alikwenda kunawa, akanywa maji, akapokea simu, akarudi akakuta pedali iko palepale kama imechomelewa. Magurudumu yote manne yakaisha kabla mashuka hayajakauka. Fundi akamuuliza aliyajifunzia wapi haya.

Mke wangu alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye usukani.

"Mwanangu, mimi breki nakanyaga tangu nilipoolewa. Upande ule wa abiria tu ndio haukuwa na pedali."

Fundi akarudi chini ya gari, ingawa huko hakukuwa tena na kazi.

Jumamosi ikafika, siku ya kuangaliwa. Nikamwambia mke wangu asimame getini, mimi na fundi tuzunguke mtaa, aone kwa macho yake. Gari likaondoka vizuri ajabu. Tuta la posta tukalipita mara moja tu, halikutufuata. Nikafika duka la viatu, na mguu, bila kuniuliza, ukaanza kupampu.

Zile breki mpya hazikuwa zinangoja taarifa. Nikigusa, gari linasimama. Nikiachia, linaondoka. Nikigusa, linasimama. Tukateremka mtaa mzima tukiinama na kuinuka, na watu wa vibarazani wakaona tunawasalimu, wakawa wanaitikia. Kofia ya fundi ilikwenda kunata kwenye kioo cha mbele ikabaki hapo. Nyuma yetu alikuwa Bwana Pasi, anatoka sokoni kuja kumchukua mke wangu kama kawaida. Kila tuliposimama, naye akasimama. Aliposhuka pale kwetu shati lake lilikuwa na mikunjo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Fundi alishuka akashikilia geti kwanza. Kisha akatoa taarifa kwamba gari halina kasoro yoyote. Alimpa taarifa hiyo mke wangu, hakunipa mimi, na neno gari alilitamka kwa mkazo.

Mke wangu akaja upande wangu. Nikateremsha kioo. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu diski na shokapu, yakanipotea.

"Nililitengeneza ili upande," nikasema.

"Najua."

Akamgeukia Bwana Pasi, akamshukuru kwa wema wake wote, akamwambia leo ana usafiri. Kisha akafungua mlango wangu.

"Sogea, Baba."

Leseni anayo, imetangulia yangu. Kabla hatujaoana alikuwa anaendesha gari la zahanati. Nikasogea, nikapitisha miguu juu ya gia kwa shida, nikakaa kiti cha pili cha gari langu mwenyewe. Sikulalamika. Nilichoomba ni apande, na alikuwa amepanda.

Tukateremka kilima. Askari wa njia panda alipotuona akainua mkono kusimamisha dunia, akaona nani yuko kwenye usukani, akaushusha, akatusimamisha sisi. Mke wangu akakanyaga mara moja, taratibu, gari likatulia kwenye mstari. Tuliporuhusiwa akaendelea, na kwa dada yake akasimama getini, siyo kabla, siyo kwenye mahindi.

Akazima gari, lakini hakushuka. Akaanza kunisimulia habari za daktari wa zahanati ile, aliyekuwa anasinzia njiani na kutoa dawa usingizini, na kwamba baadhi ya wagonjwa walipona. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia. Ndani ya gari letu tulikuwa hatuzungumzi: kila mmoja alikuwa kazini, anasimamisha.

Shemeji akatoka getini, akatuchungulia, akagonga kioo kuuliza kama kuna msiba. Mke wangu akamwonyesha kwa mkono angoje, akaendelea na habari ya daktari.