Mahari Kichwa Chini

Kompyuta ilichagua saa ileile. Hao wanaokaa huko wanakokaa na kutuma mambo yao bila kupiga hodi wangeweza kuichagulia siku nyingine. Kulikuwa na wiki nzima, kulikuwa na jana, ambapo Guylain aliiwasha ili tu kuhakikisha kwamba inawaka. Lakini wapi. Ilingoja wazee waketi. Ilingoja mbuzi wafungwe kwenye ukuta wa mawe meusi, na Kahindo avae kitenge chake kipya, na shangazi yake Masika amfunge kilemba. Hapo ndipo ikaandika, kwa Kifaransa safi, kwamba mise à jour, yaani usasishaji, imeanza na kwamba mtu asithubutu kuizima.

"Inafanya nini?" Masika aliuliza.

"Inajitengeneza," Guylain alisema.

"Iliharibika?"

"Hapana, shangazi. Ilikuwa muzima."

Masika alimtazama huyu kijana aliyetaka kuwa mkwe wao. "Sasa inatengeneza nini?"

Jibu la swali hilo, tuseme ukweli, hakuna mtu duniani aliye nalo.

Kahindo alisogeza kigoda karibu na meza iliyowekwa pale uani, mtaani Katoyi, akaketi mbele ya kioo kilichogeuka buluu tupu. Alikuwa ametoka Butembo kuja Goma kusoma, na barabara ikajifunga nyuma yake. Vita vilikaa katikati ya njia ya kaskazini. Ukishapita Kibati hujui nani atakusimamisha, na ukifika Kalengera hujui kama utaendelea au utarudi. Baba yake alikuwa amefariki zamani. Mwenye neno juu yake alikuwa papa mukubwa, Muzee Josias, kaka wa baba yake, naye alikuwa Butembo.

Muzee Josias alishika desturi ya nyumba yake kwa mikono miwili. Mahari ni mbuzi. Mbuzi waonekane kwa macho ya mwenye mtoto, wakiwa hai, wamesimama kwa miguu yao wenyewe. Kisha msichana aulizwe mbele ya watu wote: hizi mbuzi, tukule? Akisema tukule, imekwisha, ni mke wa mtu. Familia ya Guylain, watu wa milima ya Masisi waliozoea kuhesabu utajiri kwa ng'ombe, walikubali mbuzi bila kununa, kwa kuwa ng'ombe wenyewe vita viliwala. Baba yake, Muzee Célestin, aliwaswaga mbuzi hao kwa miguu kutoka Kibati, akakataa kusaidiwa.

Mapadri wa kule Butembo ndio waliokubali kumpa Muzee Josias intaneti yao, alasiri hiyo moja, mpaka jenereta izimwe. "Ikishindikana leo," Muzee alikuwa ametuma neno, "tutangoja barabara ifunguke." Barabara! Kahindo aliwajua wachumba waliongoja barabara mpaka wakaacha kusalimiana.

Na usiniulize kwa nini hawakupiga kwa simu. Mtandao wa simu ulikuwa umelala tangu asubuhi, mji mzima. Jirani yao Henri, mwenye sahani ya setilaiti juu ya bati, aliwapitishia kebo juu ya ukuta. Kodi ya wifi, yaani neno la siri, Henri hampi hata mama mkwe wake. Kebo inaingia kwenye kompyuta, kwenye simu haiingii. Kwa hiyo roho ya Kahindo yote ilikuwa ndani ya mashine ya Guylain, ambayo batri yake ilikufa siku nyingi na ambayo ukiitikisa kidogo tu, inazima.

Wakangoja. Vidoti vyeupe vilizunguka katikati ya ule ubuluu, juu ya asilimia zilizokuwa zinapanda, vikifuatana taratibu, vikipotea, vikirudi. Ukungu ulishuka kutoka upande wa volkano ukakaa juu ya mabati, na sauti za mtaa zikasogea mbali. Kahindo alivitazama vidoti mpaka vikaacha kuwa vidoti. Vilikuwa mbuzi wadogo weupe wakipanda njia ya kwao, katikati ya mikaratusi, na mtu alikuwa anatembea nyuma yao akiwa na fimbo, na mgongo wa mtu huyo ulikuwa wa baba yake. Hakugeuka. Kahindo hakumwita, kwa maana alijua akimwita asilimia zitasimama. Alimfuata tu kwa macho, polepole, mpaka harufu ya mikaratusi iliyolowa ikamjaa puani na hofu ikamtoka.

"Inafunguka," Guylain alisema, akimgusa bega.

Kompyuta iliwasalimia kama mwenye hoteli. Ikasema imewaletea mambo mapya, wafurahie. Mungu amsamehe aliyeandika maneno hayo.

Muzee Josias akatokea. Alikuwa ameketi kwenye benchi katika chumba cha mapadri, kofia yake ya duara kichwani, kofia ambayo Kahindo hajawahi kumwona ameivua hata mezani. Kando yake alikuwa mkewe, mama Annonciata. Sauti ya mzee ilikuja safi hata uani kukawa kimya. Aliwasalimu wazee wa Masisi kwa heshima, akawauliza habari za safari. Kabla hawajamjibu, akasogeza uso karibu na simu yake.

"Kahindo," alisema. "Sababu gani wale wazee wananing'inia?"

Kahindo akatazama pembe ya kioo, kwenye kile kidirisha kinachokuonyesha wewe mwenyewe, na hapo akaona. Kamera ilikuwa imepindua dunia. Muzee Célestin na ndugu zake walikaa kwenye viti vilivyoshikamana na ardhi ya juu, vichwa chini, wametulia kabisa. Chini yao ukungu ulitanda mweupe, hauna mwisho. Mbuzi walisimama juu kule, kwato hewani, wakitafuna majani yaliyopanda badala ya kushuka. Ilikuwa nzuri. Kwa kitambo kidogo Kahindo alisahau kila kitu, akatamani aingie.

"Na zile mbuzi," sauti ya papa mukubwa ilisema, nayo sasa ilikuwa imebadilika. "Miguu iko juu. Zimekufa? Mumeniletea nyama, mimi?"

Wote walisema kwa pamoja. Guylain alieleza, Masika alieleza, Muzee Célestin alisimama na kusema kwamba hajawahi kutembea na mizoga. Muzee Josias alitega sikio kwenye simu.

"Munafungua midomo tu," alisema. "Sisikii kitu."

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo jipya la pili. Sauti ya kutoka Goma ilikuwa imeondolewa. Guylain akaanza kutafuta. Kila kitufe alichokijua kilikuwa kimehamishwa nyumba. Pale palipokuwa na sauti pakatokea hali ya hewa, ikamwambia kwamba Goma kuna ukungu, asante sana. Jasho lilimtiririka. Akataka kuinyanyua kompyuta aipindue yote, kioo kikapepesa, Kahindo akamkamata mkono.

"Usiiguse," alisema. "Ikizima itaanza tena kujitengeneza."

Muzee Célestin, ambaye neno la mizoga lilikuwa limemwingia vibaya, alimbeba mbuzi mmoja mikononi akamleta mpaka kwenye kamera. Mbuzi akalia kwa nguvu. Kule Butembo walimwona akifungua mdomo, naye bila sauti.

Kahindo akachukua kipande cha katoni na kalamu nene, akaandika: MASHINI INAGONJWA. MBUZI NI WAZIMA. Akakishika juu chini ili kule kisomeke. Muzee Josias alisoma polepole, akimwuliza mkewe herufi moja moja. Akajaribu kugeuza simu yake. Lakini simu za siku hizi nazo zina akili zao: kila alipoigeuza, picha ilijigeuza ikamfuata, na wazee wakabaki wananing'inia. Mwishowe aliomba mbuzi watembezwe. Masika akawavuta kwa kamba, mmoja mmoja, kutoka ukutani mpaka mlangoni.

"Zinatembea," Muzee Josias alisema. "Ziko natembea juu ya mawingu, lakini zinatembea. Nimeziona."

Wazee wa Masisi wakapumua. Guylain alimtazama Kahindo, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kahindo, mutoto wa ndugu yangu," Muzee alisema. "Hizi mbuzi, tukule?"

"Tukule, papa," Kahindo alisema, kisha akakumbuka. Akageuza katoni akaandika TUKULE kwa herufi kubwa, akainyanyua.

Muzee alitikisa kichwa.

"Karatasi hapana. Karatasi, mutu anaweza kukusimama nyuma na akwambie andika. Uko peke yako kule. Najua maisha ya kule. Wasichana wengi wameoleshwa na njaa, wengine na woga. Kama ni njaa, nionyeshe. Sitakasirika. Nitakuja kukuchukua hata kwa mguu. Lakini uso kichwa chini siujui kuusoma. Sijui kama unacheka ao unalia. Tuache. Tungoje barabara."

Hasira ilimpanda Kahindo. Alikasirikia mashine. Aliwakasirikia wale watu wasiojulikana, waliovunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi kisha wakamwambia afurahie. Alimkasirikia hata mzee, na desturi zake, na kofia yake. Halafu neno lile la kwa mguu likamfikia, likampasua. Mzee yule hawezi hata kupanda mpaka sokoni bila kupumzika njiani.

"Imekwisha," Masika alinong'ona. Kule Butembo jenereta ilisikika ikikohoa. Guylain aliondoa mikono kwenye kompyuta, akajishika magoti.

Kahindo hakuinuka. Aliusogeza uso wake mpaka ukajaa kidirisha chote, asijue aufanyie nini. Ungeweza kumwona kule, amening'inia kwenye kilemba chake, machozi yakimpanda kuelekea kidevuni.

Muzee Josias alimtazama. Alimtazama tena. Kisha akampa Annonciata simu.

"Shika hii," alisema. "Ishushe. Chini zaidi."

Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi, tena kichwa kidogo kuliko Kahindo alivyodhani, na uani Goma watu waliangalia pembeni kwa haya. Mzee akaketi kwenye benchi, akajilaza chali, taratibu, akishika mgongo. Akajisukuma nyuma mpaka kichwa kikapita ukingo wa benchi, akakiachia kikaning'inia.

Kwenye kioo cha kompyuta uso wake ulitokea umepinduka, paji la uso chini, ndevu juu, mishipa ya shingo imesimama. Mmoja wa wazee wa Masisi alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka.

Kahindo alitaka kuinamisha kichwa amfuate. Shingo ilikuwa imeshaanza kujipinda yenyewe. Akaelewa: akimfuata, mzee atampoteza tena. Akajizuia, akakaa wima, akamwachia uso wake wote.

"Njo wewe, ni wewe," Muzee Josias alisema. "Sasa nakuona. Unalia."

Kahindo akakubali kwa kichwa.

"Na unacheka pia."

Akakubali tena.

"Tukule?"

Akalisema neno lile bila sauti, kwa midomo tu, polepole ili lionekane. Alimgeukia Guylain, aliyekuwa bado ameinamisha macho, akamshika mkono, akaunyanyua mbele ya kamera. Kisha akalisema mara ya pili.

Muzee aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Damu ilikuwa imeshuka kichwani mwake mpaka masikio yakawa meusi.

"Tutakula," alisema. "Masika, shika kamba, mbuzi ni zetu."

Masika alizishika kamba zote kwa mkupuo. Wazee wakasimama, Muzee Célestin akapiga kofi moja zito akashindwa kuendelea, akajifuta macho. Kule Butembo Annonciata alikuwa anamvuta mumewe kwa mkono.

"Inuka sasa, muzee. Alishajibu. Utaanguka."

"Niache kwanza," Muzee Josias alisema, kichwa kikiwa bado chini. "Tangu barabara ifunge, sijaona huyu mutoto."