Aje na Vijiko Vyake

Watu wakija kwenye meza yangu pale soko la Warwick, huku ugenini kusini, huniuliza samaki anapenda rangi gani. Mimi nawauliza maji yakoje huko wanakokwenda. Mtu hajui maji yakoje, hajui jua litawaka au la, anataka nimuuzie rangi tu kana kwamba anachagua kitenge. Wengine nawaambia waende upande wa pili wakanunue vitunguu, vitunguu havina maswali.

Jina langu Rhoda, mzaliwa wa Musoma, na nauza vifaa vya kuvulia: mishipi, ndoana, na zaidi ya yote vijiko. Kijiko ninachosema si cha kulia. Ni kipande cha bati kilichobonyea, urefu wa kidole, kina ndoana mkiani. Ukikivuta majini kinayumba na kumetameta, samaki mkubwa anadhani ni samaki mdogo aliyeumia, anakidaka. Nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wa Morningside niliyempikia miaka tisa, mpenzi wa samaki aitwaye trauti, yule wa mabwawa ya baridi huko milimani. Mzee alipofariki mkewe alinipa sanduku lake la vijiko. Ndani ya kifuniko alikuwa ameandika kanuni zake kwa penseli. Jua kali na maji safi, rangi ya fedha. Maji ya tope, dhahabu au shaba. Mawingu mazito, nyeusi. Na mshipi uwe mwembamba siku zote, kwa sababu trauti anaona kila kitu. Kanuni hizo nazijua kwa moyo, na mtu akibishana nazo napandisha sauti.

Sasa Sesilia. Ni mwanangu wa pekee. Baba yake, Chacha, Mungu amrehemu, alituacha mtoto ana miaka sita, na tangu hapo tuko wawili. Mwaka huu akaniletea habari za Bonheur, kijana wa Kirundi anayepakia makontena Clairwood. Wazee wake wangekuja Jumapili kuniuliza kama nakubali amwoe. Sesilia akaniambia bila kuzunguka kwamba nikisema hapana, basi, ataachana naye na hatanilaumu. Mtoto akikutupia neno lote namna hiyo, utalala usingizi?

Nilishaamua kusema hapana. Sababu nilijitungia za kutosha: kazi yake ya kubeba mizigo, Kiswahili chake cha kina Kongo, kila kitu iko, iko, iko. Lakini ukweli nilikuwa naujua. Niliogopa kubaki peke yangu.

Hata hivyo sikutaka isemwe kwamba nimemkataa mtu bila kumwona. Siku ya Jumatano nikatuma ujumbe wa sauti, Sesilia ampelekee. Nilisema Jumamosi twende wote bwawani, huko milimani. Aje na vijiko vyake, rangi achague mwenyewe, kwa rangi hiyo nitamjua ni mtu wa namna gani. Nilitaka ashindwe, nisiseme uongo. Kila mtu anayenijia mezani anakosea rangi, huyu angekosaje kukosea?

Tukaondoka alfajiri na bakkie yangu, pikapu kuukuu, Bonheur akiendesha, Sesilia katikati na sufuria mapajani. Alisimama kwenye kila robot, taa za barabarani, hata pale ambapo barabara nzima ilikuwa yetu. Iliniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kumgombeza kwa mwendo. Tulipofika, nyasi zilikuwa zimeganda nyeupe, ndiyo Juni ya huko, katikati ya baridi, na maji yalikuwa safi mpaka unaona mawe chini. Sesilia akaenda kutafuta kuni. Nikamwambia Bonheur haya, toa vijiko vyako.

Akatoa ndani ya koti kifurushi cha gazeti. Akakifungua taratibu juu ya boneti. Vijiko vya mezani, vipya, sita. Mgongoni mwa kila kimoja kulikuwa na doa la rangi ya kucha, rangi ya chungwa iliyoiva.

"Hivi ni nini?" nikamuuliza.

"Ni vijiko, Mama. Iko sita. Ni ya inox, haishikake kutu. Na ile doa ni rangi Mama alisema nichague."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mwenye mitumbwi ya kukodi akatoka kwenye kibanda chake kuangalia. Halafu nikaona yeye hacheki, amesimama kanyooka na shati lake la kanisani, na kicheko kikanikauka.

Maana hayo madoa nayajua. Sisi wote tulio huku tukiwa na msiba au harusi tunakusanya vyombo. Mia moja wanakula, vijiko vinachanganyika, na ukizubaa unarudi nyumbani na uma mmoja. Kwa hiyo kila nyumba inatia alama yake. Yangu ni doa la bluu. Ukikuta kijiko chenye doa la bluu kuanzia Warwick mpaka Clairwood, mrudishie Mama Sesilia, kila mtu anajua. Bonheur alisikia aje na vijiko na achague rangi, akaelewa kitu kimoja tu, kwamba nimempa ruhusa ya kuwa na nyumba.

Na hakuishia hapo, kama alivyonieleza. Alikwenda kumuuliza mzee wa kanisa lao, Juvénal, naye akamwambia mama mkwe akikuagiza vijiko anataka mle pamoja, yaani mambo yamekwisha, mshukuru Mungu. Nikakaa kwenye ngazi ya bakkie. Kwetu jambo hilo ni zito zaidi. Mama mkwe na mkwe hawali pamoja, mpaka siku mama atakapompa chombo kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Kwa hiyo huyu kijana alikuwa amelala siku tatu akijua nimekubali. Mimi nilikuwa nimemleta nimwangushe.

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakuwa mkali. Nikafungua sanduku kwa kishindo, nikamwonyesha vijiko vya kweli, nikamsomea kanuni zote za mzee kwa sauti ya kumfundisha asiyeelewa. Akakishika kimoja, akakigeuzageuza. Akaniomba msamaha, eti kwao Gitega ni milimani, hajawahi kuvua hata siku moja.

"Basi Mama hakusema ndiyo," akasema.

"Sikusema."

Akavifunga vijiko vyake kwenye gazeti, akavirudisha ndani ya koti, tukaingia mtumbwini sisi wawili, akashika makasia.

Tulivua tangu saa mbili. Jua, maji safi: nikafunga cha fedha. Hakuna. Wingu likapita, nikafunga cheusi. Hakuna. Nikajaribu shaba, nikajaribu dhahabu ingawa sikuwa na sababu, nikapunguza uzito, nikabadilisha mshipi nikaweka mwembamba zaidi. Trauti walikuwepo, wanaruka kushoto na kulia, wananikejeli mchana kweupe. Yeye alipiga makasia pale nilipomwambia bila kuuliza. Nilimfundisha fundo mara moja: zungusha, pitisha, lowesha kwa mate, kaza polepole. Kwa vidole vile vya kubebea mizigo akalifunga vizuri kuliko wateja wangu wa miaka mitano, na hilo nalo likaniudhi.

Ilipofika saa tano kijiko changu cha fedha cha mwisho kikanasa kwenye majani ya chini na mshipi ukakatika. Nikakaa nikitazama kifuniko cha sanduku, nikijifanya natafuta kitu. Ndipo nikauona mstari wa chini kabisa, umefutikafutika. Siusomi mara nyingi kwa sababu watu wengi hawavui wakati wa baridi. Juni na Julai, wakati wa kutaga: fedha yenye doa la chungwa mgongoni.

Eish.

Nilikuwa navyo viwili vya namna hiyo. Niliviuza Mei. Nikautazama mfuko wa koti la Bonheur, nikatazama maji, nikatazama tena mfuko. Kiburi changu ni kirefu, kilichukua muda. Sesilia pale ufukweni alikuwa ameshawasha moto na alikuwa anatutazama tu, mikono kiunoni.

"Nipe kijiko kimoja," nikasema.

"Ya kula ao ya kuvua?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

"Ya kuvua."

Alikunja mpini huku na huku mpaka ukakatika, akausugua ule ukingo kwenye jiwe la nanga ili usikate mshipi. Hilo sikumwambia, alilifikiri mwenyewe. Ndani ya sanduku kuna keke ndogo ya mkono. Akatoboa tundu mbele na tundu nyuma, nikatia pete na ndoana. Kikawa kibaya kweli, kipana, kizito. Mzee wa Morningside angejigeuza kaburini. Nikampa Bonheur fimbo ya kuvulia akirushe yeye, ili kikishindwa kiwe kimeshindwa kwake.

Mara ya kwanza alikirusha karibu ajinase sikio. Mara ya pili kikaanguka palepale kando ya mtumbwi. Mara ya tatu kikafika, akaanza kuvuta nilivyomwonyesha, na fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

Nikapiga kelele legeza. Akalegeza. Nikasema vuta, akavuta. Legeza tena, akalegeza tena, jasho linamtoka na baridi ile yote. Chacha wangu nilimpenda, lakini katika maisha yake yote hakuwahi kulegeza nilipomwambia legeza, na samaki tuliowapoteza Musoma sitaki hata kuwakumbuka. Huyu alisikia kila neno. Nilipomtia trauti kwenye wavu, mrefu kama mkono wangu, ana mkanda mwekundu ubavuni, Bonheur alisema jambo kwa Kirundi ambalo sikulielewa. Na mimi nilifurahi. Nilifurahi hadi nikasahau kumnunia.

Tukarudi ufukweni kwa Sesilia. Nilimpasua samaki, tukatia sufuriani na nyanya, vitunguu, limau na pilipili moja nzima. Supu ikachemka. Kumbe katika haraka ya alfajiri tulisahau vijiko vyetu vya bluu mezani nyumbani. Bonheur akatoa gazeti lake, akaliweka karibu na mimi. Vilikuwa vitano. Sesilia akapakua mabakuli matatu, mawili akaweka kwenye mkeka. La tatu akaenda kuliweka upande wa pili wa bakkie, peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa sijasema lolote na anajua desturi. Bonheur akainuka kulifuata.

Nikamwita. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu asubuhi, kwamba nyumba ni ya watu wawili, vijiko sita vya nini?

Akahesabu kwa vidole. "Moja ya mimi. Moja ya Sesi. Moja ya Mama. Tatu ya wageni."

"Mama yupi? Mama yako si yuko Gitega?"

Akanitazama akadhani ni mtihani mwingine. "Mama wewe," akasema. "Sisi tukiwa kwetu, wewe utakulaka wapi?"

Moshi wa kuni za huko ni mkali, unaingia machoni. Sesilia alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikamwambia alete lile bakuli kutoka nyuma ya gari. Nikachagua kijiko, nikakifuta kwa kanga yangu, doa la chungwa likawa juu, nikamnyooshea Bonheur kwa mkono wa kulia.

"Ya kula," nikamwambia.