Wimbo Uliochoka Njiani

Skrubu ya nne ilikataa. Tatu nilikuwa nimeshazitoa na kuzipanga ndani ya kifuniko cha chupa, kila moja upande wake, ili nisichanganye wakati wa kurudisha. Nilitia tone la mafuta ya taa kwenye ile ya nne, nikasubiri, nikajaribu tena. Ilipolegea nikafunua mgongo wa redio ya rafiki yangu Anatole na kuangalia raba inayozungusha kaseti. Ilikuwa mpya. Niliifunga mwenyewe Jumatatu. Jumanne niliitoa nikafunga nyingine, nikidhani nimeuziwa mbovu. Jumatano nilisafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Sasa ilikuwa Alhamisi, kosa lilikuwa palepale, na sikuwa na kitu kingine cha kusingizia.

Nilikuwa na wimbo mmoja kwenye vyombo viwili. Kwenye kaseti ya Anatole ulichukua dakika kumi na tatu na sekunde ishirini na saba. Kwenye flashi niliyopewa na Musoni wa Mbarara ulichukua dakika kumi na moja na sekunde hamsini. Bendi ileile, maneno yaleyale, gitaa lilelile.

Bendi yenyewe inaitwa Orrevan. Ni Wazungu watano wanaopiga metali, ile roki nzito ya magitaa, lakini ya kuhesabu. Nyimbo zao hazitembei kwa mapigo manne manne kama za kanisani. Zinatembea kwa saba, mara nyingine kwa tano, na asiyehesabu huachwa njiani. Hapa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikuwa watu wanne tu tulioipenda, na wote tulijifunza kuhesabu kwa vidole juu ya goti, tukisikiliza kaseti moja ya albamu ya kwanza. Kaseti hiyo ilinakiliwa Uvira mwaka 1996 na Elisée, kaka mkubwa wa Anatole, kutoka kwenye kaseti ya kuazima. Miezi michache baadaye vita viliwafukuza Kongo, wakakimbia nayo mpaka hapa. Mwaka 2003 Elisée alirudi kwao kutafuta shamba la baba yao. Huu ni mwaka wa sita hatujasikia neno.

Albamu za baadaye zilitufikia kupitia Musoni. Baba yake alikuwa askari, yeye amekulia kambi ya jeshi ya Makenke, na sasa anauza sidi mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, na kupiga ngoma. Tangu tumjue, ugomvi haujaisha. Anatole husema Orrevan wa mwanzo walikuwa na subira. Walipiga taratibu, kwa uzito, na wimbo wao mkubwa, ule wa mwisho wa albamu, ulikuwa na kitu ambacho hakuna bendi nyingine imewahi kukifanya: kuanzia katikati unapunguza mwendo na kushuka sauti, kidogo kidogo, mpaka mwisho unazama kama mtu aliyebeba mzigo akakaa chini. Wa baadaye, anasema, wamepata jina, wanakimbia. Musoni husema wa mwanzo ni matope matupu.

Mimi sikuwahi kusema upande wangu. Nilinunua daftari. Kwa miaka minne nimehesabu kila wimbo, albamu kwa albamu: ni saba ngapi, yaani mafungu ya mapigo saba, zinapita kwa dakika. Niliandika kwamba albamu ya kwanza ni ya polepole kuliko zote. Niliandika kwa kalamu ya wino, nikapiga mstari chini.

Jumamosi inayokuja Musoni amepata nafasi kwenye ukumbi Nyamityobora, saa tisa mchana, dakika ishirini. Ngoma yeye, besi mwenzake, gitaa Anatole. Wimbo ni ule mkubwa. Anatole ana umri wa miaka thelathini na mitatu na hajawahi kuupiga mbele ya watu wasiokuwa majirani. Lakini walipokutana wiki iliyopita kujaribu, waliachana baada ya dakika ya kwanza. Musoni alishamaliza, Anatole bado anazama.

“Fundi,” Musoni aliniambia siku ile, akanitupia flashi, “hii tepu yenu iko mgonjwa. Wewe natengeneza machine, ama mimi napiga na mtu mwingine. Jumamosi watu nakuja kusikia muziki, hapana kusikia matanga.”

Ndiyo maana nilikuwa na skrubu nne kwenye kifuniko.

Nilijaribu jambo la mwisho. Niliweka kaseti ya kwaya niliyoinunua dukani ikiwa mpya, ile yenye muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Nilipima kwa saa. Ilimaliza pale ilipoandikwa, haikupungua wala kuzidi sekunde mbili. Redio ilikuwa nzima.

Nikarudi kwenye kaseti ya Anatole na flashi. Safari hii sikupima dakika. Nilihesabu saba, moja baada ya nyingine, nikiweka punje ya harage kwa kila kumi. Mara mbili nilikosea kwa sababu wateja waliniita, nikaanza upya. Flashi: mia mbili thelathini na sita. Kaseti: mia mbili thelathini na sita. Wimbo haukuwa na kilichokatwa wala kilichoongezwa. Mtambo uliotoa sauti siku ya kunakili ndio uliokuwa unachoka.

Nilifungua daftari, nikautazama ule mstari wa wino. Miaka minne. Nilikuwa nimepima albamu kumi na moja kwa uangalifu wote, na ya kwanza, ambayo nyingine zote nilizilinganisha nayo, ilikuwa mbovu. Nilitamani kulitupa daftari barabarani. Nililifunga tu.

Anatole alifika saa nane, gitaa mgongoni. Mke wake Mariette anauza unga kwenye kibanda kinachopakana na changu, ukuta ni turubai tu, kwa hiyo hapakuwa na la kuficha.

“Raba imepona?” akauliza.

“Raba haikuwa na shida. Kaa kwanza.”

“Ukisema kaa kwanza, muntu anajua kuna kilio. Sema.”

“Nataka usikilize flashi.”

“Nilikuambia siisikilize hiyo kintu.”

“Mara moja tu, Anatole. Mpaka mwisho.”

Alisikiliza amesimama, mikono ubavuni, kama mtu anayesomewa barua ya ofisini. Vidole vyake vilihesabu vyenyewe, nikaviona vikiwahi na kuchelewa, vikitafuta. Mwisho ulipofika, wimbo ulikatika papo hapo, kwa nguvu, mwendo uleule ulioanza nao.

“Fasi ya kuzama iko wapi?”

“Sehemu hiyo haipo.”

“Bameikata.”

“Hawakukata. Nimehesabu. Saba ni mia mbili thelathini na sita huku na huku.”

“Basi bamerudilia kuipiga. Ni bale ba sasa, ba kukimbia. Bameona batu banapenda ya zamani, bakaipiga tena haraka haraka.”

“Mwaka umeandikwa humo kwenye flashi, tisini na nne.”

“Kuandika ni kazi? Hata mie naweza andika tisini na ine. Lete kalamu.”

Nilimwonyesha kaseti ya kwaya na muda wake. Nilimwonyesha maharage. Nilimweleza taratibu kwamba mtambo ukichoka, sauti inashuka pamoja na mwendo, vyote kwa kipimo kimoja, na kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwenye kaseti yake, kuanzia dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilieleza mara tatu. Kila nikimaliza aliniuliza swali nililokwisha kulijibu.

Mariette alicheka nyuma ya turubai. “Baba Olga! Miaka yote unanikataza kuongea ile fasi ya mwisho ikifika, eti niheshimu akili ya Bazungu. Kumbe radio ilikuwa na njaa!”

“Mama Olga, uza unga yako.”

“Ninauza. Ya kwangu inapimwa na kilo, haizame.”

Mtu mmoja aliyekuwa ananunua unga akacheka pia. Anatole alibonyeza kitufe, akatoa kaseti, akaitia mfukoni mwa shati.

“Umefanya hii juu ya nini, Semahoro?”

“Kwa sababu ulinipa nitengeneze.”

“Nilikupa utengeneze radio.”

Akaondoka. Gitaa alilisahau limeegemea meza.

Nilirudisha skrubu. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Anatole hakutengeneza kosa. Ila kwa miaka kumi na tatu alikuwa amejenga juu ya kosa hilo jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Gitaa haliwezi kuzama kwa vidole tu, kwa hiyo alijifunza kulegeza nyuzi huku anapiga. Mkono mmoja unapiga, mwingine unaruka kwenye funguo za juu, unazungusha kidogo, unarudi kwenye shingo kabla saba haijaisha. Nyuzi sita, moja moja, dakika nne mfululizo, bila kupoteza hesabu. Watoto wa Misiera huja kuangalia mikono yake tu. Na Orrevan wenyewe, kumbe, hawakuwahi kuhitaji kufanya hivyo.

Alirudi baada ya nusu saa hivi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kaseti mezani.

“Alikuwa amezianika,” akasema.

“Nini?”

“Batri. Yaya Elisée.” Yaya kwao ni kaka mkubwa. “Kaseti ilikuwa ya kurudisha kesho yake asubui. Tulikuwa na radio mbili, moja ya kusema na moja ya kuandika. Akanituma batri nane. Nikafika duka, nikakuta ine tu zimebakia. Nikaleta zile ine. Akasema, ile inaandika ndiyo ipate mupya, ile inasema tutaisaidia. Akachukua batri za zamani, akazianika juu ya mabati mpaka zikapata moto, akaziweka.”

Kila mtu hapa amewahi kuanika batri juani. Zinapata nguvu kidogo, za muda mfupi. Zinaanza vizuri, halafu zinashuka.

“Tukakaa tunaangalia inazunguka,” akaendelea. “Fasi ya mwisho ikaanza kuzama. Yaya akasema, sikia, sikia vile banafanya. Tulikuwa tumeshika midomo.”

Nilimsikia Mariette akifunga gunia.

“Jumamosi nitapiga nini, fundi? Ile ya bo, Bazungu, siijui. Ninaijua hii.”

“Basi piga hii.”

“Musoni atakubali?”

Nilimpigia simu. Nilimweleza Musoni yote, tangu raba mpaka mabati, na alinikatiza mara nne. Kisha alicheka mpaka ikabidi niiweke simu mbali na sikio.

“Ssebo, bwana! Yani wewe nataka mimi napiga batri nakufa?”

“Nataka umfuate Anatole.”

“Mimi nafuata namna gani? Ngoma hapana kisia. Kama yeye nashuka tu vile roho yake nataka, mimi naanguka. Watu ya Nyamityobora nasema Musoni amelewa.”

“Hashuki anavyotaka. Anashuka vilevile kila mara.”

“Basi wewe naleta namba. Kila dakika, saba ngapi. Nitakaa na hiyo. Kesho saa sita mchana hapana namba, mimi napiga vile albamu iko, na huyo mzee wako nabaki Nakivale na tepu yake. Sitaki maneno mingine.”

Simu ikakatika. Anatole alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu Musoni huongea kama yuko gwarideni.

“Mzee wako,” akasema. “Ananizidi miaka miwili.”

Tukaanza. Nilifungua daftari ukurasa mpya, nikachora mistari kumi na minne. Safari hii nilitumia kalamu ya risasi. Anatole aliangalia saa, mimi nilihesabu. Kila dakika tulihesabu mara tatu, na kama hesabu hazikufanana tulirudia. Dakika ya kwanza, saba kumi na tisa. Ya pili, kumi na tisa kasorobo. Kwenye dakika ya tatu Anatole alisema ni kumi na nane na nusu bila kuangalia, nikakataa, tukahesabu mara tatu, ikawa kumi na nane na nusu.

“Unaona?” akasema.

“Naona. Tuendelee.”

“Kama ninazijua, unahesabu juu ya nini?”

“Kwa sababu Musoni hazijui.”

Kazi ilikwenda polepole mno. Mwanamke alileta simu iliyoingia maji, mzee mmoja alitaka redio yake ambayo sikuwa nimeigusa kwa sababu ya kazi hii, na kila nikisimamisha kaseti ilinibidi kuirudisha nyuma na kutafuta mwanzo wa dakika. Dakika ya tano ilitula saa nzima. Anatole alianza kupiga goti kwa nguvu, akanichanganya. Nikamwambia aache. Akasema goti ni lake.

Tulipofika dakika ya saba tulipata kumi na saba na nusu, halafu kumi na saba na robo, halafu kumi na saba. Tukarudia. Kumi na saba, kisha kumi na sita na robo tatu.

“Hii inashuka kupita vile ilikuwa inashuka,” Anatole akasema. “Nilikuambia ninaijua. Hapa ni kumi na saba na nusu.”

Niliangalia nje. Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya paa la jirani, na bamba langu la sola lilikuwa kivulini. Nilichukua mita ya umeme, nikagusa betri ya gari inayoendesha meza yangu. Volti kumi na moja nukta sita. Inapaswa kuwa juu ya kumi na mbili.

Nilifuta dakika ya saba yote.

“Unafanya nini? Tumebakisha saba!” Anatole akasimama. “Zile za chini zote, za kulegeza nyuzi, bado. Kesho saa sita anazitaka.”

“Redio hii nayo inachoka. Tukiendelea nitapima uchovu wa leo juu ya uchovu wa tisini na sita, nimpe Musoni takataka.”

“Washa dakika mbili, tatu tu.”

“Hapana.”

Alilivuta daftari upande wake, akapitisha kidole kwenye namba sita zilizoandikwa na mistari minane iliyobaki mitupu.

“Jua linafika hapa saa ngapi?”

“Saa mbili. Betri itahitaji nusu saa kupanda.”

“Saa mbili na nusu mpaka saa sita. Dakika saba na kidogo.” Alihesabu kwa vidole juu ya goti. “Haitoshi.”

“Ukiacha kubishana, inatosha.”

“Mama Olga,” akaita kwenye turubai, “kesho chai nitakunywa huku. Saa moja na nusu nitakuwa huku.”

“Na unga nitabebewa na nani?”

Nilitoa kaseti, nikaiweka kwenye kasha lake, nikaandika kwenye kipande cha karatasi: tuanzie ya saba. Nikakibana chini ya mita, nikachomoa waya wa betri.